Jinsi Dola la Riwayani Linavyoua Hoja

Benjamin Lee Whorf, ambaye jina lake hutajwa kila panapojadiliwa uhusiano wa lugha na fikra, hakuishi kwa mshahara wa chuo kikuu. Aliajiriwa na kampuni ya bima ya moto huko Hartford, Marekani, na kazi yake ilikuwa kuchunguza moto huanzaje na huzuiwaje. Katika makala iliyochapishwa 1941, mwaka aliofariki, alieleza jambo lililohusu maghala ya petroli. Penye mapipa yaliyojaa, watu walijihadhari. Penye mapipa yaliyoitwa "matupu", walivuta sigara na kutupa vipisi ovyo. Kumbe pipa tupu ndilo la kuogopwa zaidi, maana mvuke uliobaki ndani ukikutana na cheche hulipuka.

Wapo waliompinga wakasema macho nayo hudanganya: pipa lisilo na petroli linaonekana halina kitu, uliite jina lolote. Pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo, kisa chenyewe kinabaki na funzo kubwa kwa anayesoma au kuandika riwaya za distopia, yaani zinazobuni dola la kutisha. Wale wafanyakazi hawakukosa neno la mvuke. Hakuna sheria iliyowakataza kuufikiria. Neno "tupu" liliwatosheleza tu, wakaacha kuuliza.

Riwaya za distopia zilizodumu zimejengwa juu ya jambo hilo. Mtawala wa kiimla hana haja ya kung'oa wazo kichwani mwa mtu. Anachohitaji ni kukata njia inayotoka kwenye wazo kwenda kwenye hoja: "kwa sababu", "kwa hiyo", "nani alifanya", "jana mlisema nini". Wazo lisilofika kwenye hoja halimsumbui. Litazunguka kichwani mwa mwenye nalo mpaka lichoke. Riwaya dhaifu hudhani kazi inaishia kwenye kufuta neno, na ndiyo maana dola zake hazitishi.

Kamusi inayopungua

George Orwell alichapisha riwaya yake iitwayo 1984 mwezi Juni 1949, na nyuma ya riwaya akaweka kiambatisho kuhusu Newspeak, lugha rasmi ya Oceania, dola la kubuni linalotawaliwa na chama kimoja kinachoitwa Chama tu. Klabu kubwa ya vitabu ya Marekani ilitaka kiambatisho hicho kiondolewe. Orwell alikataa, ingawa alijua angeweza kupoteza mauzo mengi, na mwishowe klabu ikakubali. Alifanya vema, kwa sababu hapo ndipo anapoeleza kwa utulivu lugha hiyo imeundwa vipi. Wazo la lugha yenye maneno machache halikutoka hewani: tangu 1930 C. K. Ogden alikuwa akieneza Kiingereza cha maneno 850, na Orwell alikifahamu vizuri.

Msamiati wa Newspeak umegawanywa makundi matatu. Kundi A ni la maisha ya kila siku: kula, kunywa, kufanya kazi, kuvaa nguo. Kila neno limebanwa libaki na maana moja kavu. "Huru" bado lipo, lakini kwa kusema shamba liko huru na magugu, au mbwa yuko huru na chawa. Humo humo kuna hila ya vinyume. "Baya" linafutwa kwa kuwa "jema" lipo. Ukitia kiambishi cha kukanusha mbele ya "jema", umepata kinyume chake. "Bora", "murua", "tukufu" nayo hayana kazi tena, kwa kuwa kipo kiambishi kimoja cha kuzidisha na kingine cha kuzidisha maradufu. Wasomaji wengi huona hapo ubahili wa maneno tu. Mimi naona jambo zito zaidi. Ubaya ukikosa jina lake unabaki kuwa upungufu wa wema, na wema una mwenye kuupima, ambaye ni Chama. Mtu hawezi tena kusimama nje ya kipimo hicho akasema jambo fulani ni ovu lenyewe, apende asipende mtawala.

Kundi B ni la siasa, maneno yaliyoungwa kutoka mawili au zaidi. Heshima, haki, maadili, demokrasia, sayansi na dini hayapigwi marufuku moja moja, yanamezwa. Kila kinachozunguka dhana ya uhuru na usawa kinaingia ndani ya neno moja lenye maana ya fikra ya jinai. Kila kinachozunguka matumizi ya akili na ukweli usioegemea upande kinaingia ndani ya jingine lenye maana ya fikra ya kizamani. Wewe ukitaka kutetea uhuru wa kuabudu, na mwenzako akitaka kutetea usawa mbele ya sheria, mnalazimika kutumia neno lile lile, na neno hilo limeshawahukumu nyote wawili kabla hamjamaliza sentensi.

Kundi C huwa halizungumzwi sana, nami naliona la werevu kuliko yote. Ni istilahi za mafundi na wanasayansi. Kila mtaalamu anayo orodha ya fani yake, na maneno yanayopatikana katika orodha zote ni machache mno. Hakuna neno la kutaja sayansi kama namna ya kufikiri inayovuka fani. Mhandisi anaweza kueleza injini na daktari akaeleza homa, ila wakikutana hawana lugha ya pamoja ya kusema "tulipime jambo hili tuone kama ni kweli".

Kisha inakuja sehemu ambayo wengi huipita haraka. Orwell anakiri kwamba kwa Newspeak mtu anaweza kabisa kusema Kaka Mkubwa, kiongozi wa Chama, si mwema. Sarufi inaruhusu. Lakini masikioni mwa aliyelelewa na Chama, kauli hiyo ni upuuzi wa dhahiri, na msemaji hana maneno ya kuitetea. Vile vile anaweza kusema watu wote ni sawa, akaeleweka kama aliyesema watu wote wana nywele nyekundu, kwa kuwa maana pekee iliyobaki ya "sawa" ni kulingana kimo, uzito au nguvu. Wazo limeruhusiwa kutamkwa. Kilichokufa ni uwezo wa kuulizwa "una maana gani?" na kujibu.

Kasi nayo ina nafasi yake. Orwell anataja mifano ya kweli ya karne yake: Nazi, Gestapo, Komintern. Ukisema "Umoja wa Kimataifa wa Kikomunisti", msikilizaji huona undugu wa watu, bendera nyekundu, Karl Marx, Komuni ya Paris. Kila neno ni mlango wa swali. Ukisema "Komintern" unataja shirika tu, kama mtu anayetaja kiti au meza. Gestapo ni hivyo hivyo: jina refu ni polisi wa siri wa dola, na neno "siri" lingemfanya mtu asite. Kifupisho kinaondoa kusita.

Kwa nini kufuta neno hakutoshi

Lugha ingekuwa ukuta wa fikra, asiye na lugha asingefikiri. Huko Nikaragua, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, watoto viziwi waliokuwa wakiishi kila mmoja kwao na ishara zake za nyumbani walikusanywa shuleni jijini Managua. Walimu walikazania kusoma midomo na kutamka Kihispania. Watoto, wakiwa uwanjani na ndani ya basi, wakaunda lugha yao ya ishara, na wadogo waliokuja baada yao wakaipa sarufi iliyokamilika zaidi. Hakuna aliyewafundisha. Binadamu mwenye jambo la kusema na mwenzake wa kumwambia hutengeneza njia.

Kwa hiyo mwandishi anayeweka sheria ya kukataza neno "uhuru", akatarajia wahusika wake wasahau uhuru, amesahau wasemaji walivyo. Wakatazeni watu kumtaja mfalme: jioni watamwita "yule", kesho "mwenye nyumba", keshokutwa mmoja atakohoa na wote watamwelewa. Wasemaji wa Kiswahili tunaijua kazi ya fumbo; mashairi yetu yamesema mengi mbele ya wenye nguvu bila kutaja jina. Neno lililokatazwa hupanda thamani. Margaret Atwood, katika riwaya yake ya 1985 kuhusu nchi ya kubuni ya Gilead, anawapa wapinzani neno moja la kigeni la kuombea msaada, lile la marubani walio hatarini, na wanawake hulidondosha katikati ya mazungumzo ya hali ya hewa ili kupima kama aliye mbele yao ni mwenzao.

Orwell hakudanganyika katika hili. Watu wa tabaka la chini, asilimia 85 ya Oceania, hawasemi Newspeak kabisa. Chama hakijali wanasema nini. Na hata ndani ya Chama, mwaka 1984 hakuna anayeitumia kama lugha yake pekee. Tahariri za gazeti la Times huandikwa kwa Newspeak, na hiyo ni kazi ya mabingwa. Lugha hiyo imelengwa kwa wale wanaoandika ripoti, wanaosahihisha magazeti ya zamani na wanaotunga kamusi, yaani watu ambao hoja ni kazi yao ya kila siku. Syme, mtunzi wa toleo la 11 la kamusi, anaifurahia kazi yake kwa moyo wote na kumweleza Winston, mhusika mkuu wa riwaya, shabaha yake bila kificho. Muda si mrefu anatoweka. Ameyeyushwa, yaani ameuawa na jina lake kufutwa, kwa sababu alieleza waziwazi jambo lililopaswa kutendwa bila kuelezwa.

Tena angalia riwaya hizi zinakoishia. Yevgeny Zamyatin, Mrusi, aliandika yake 1920 na 1921. Ikatoka kwa Kiingereza 1924, na katika nchi yake haikuchapwa mpaka 1988. Raia wake wana herufi na namba badala ya majina, D-503, I-330, na maisha yao yamepangwa na jedwali la saa. Bado wanaota ndoto. Dola linaishia kuwafanyia upasuaji wa miale ili kuiua sehemu ya ubongo inayobuni. Aldous Huxley, katika Brave New World, anatumia dawa ya kuliwaza. Orwell anamfikisha Winston kwenye chumba cha mateso. Gilead inatundika maiti ukutani. Waandishi wote hawa walijua kwamba lugha peke yake haimalizi kazi. Inapunguza idadi ya watu wanaohitaji kupelekwa chumbani.

Anayetaka lugha mpya ifanye kazi hiyo yote lazima awachukue watoto. Jack Vance, katika riwaya ya 1958 kuhusu sayari ya Pao, analielewa sharti hilo: lugha moja ya wapiganaji, moja ya mafundi, moja ya wafanyabiashara, na kila kundi la watoto linatengwa lisisikie lugha ya wazazi. Kizazi kimoja kamili kinahitajika. Mwandishi anayelifanya taifa zima libadili lugha ndani ya miaka mitano hajahesabu bibi na babu, walezi, wala nyimbo za kubembelezea.

Sarufi hufanya kazi kimyakimya

Waandishi wapya hukimbilia kubuni maneno kwa sababu maneno huonekana. Sarufi haionekani, na ndiyo maana ina nguvu zaidi. Chukua sentensi hii:

Askari walibomoa nyumba 40.

Hapa kuna mtenda, kuna tendo, kuna idadi. Igeuze iwe kauli ya kutendwa: nyumba 40 zilibomolewa na askari. Askari wamesogezwa nyuma, lakini wapo. Wakate: nyumba 40 zilibomolewa. Sasa hawaonekani, ila swali "na nani?" bado lina pa kusimama, kwa sababu kiambishi cha kutendwa kinadai kwamba yupo aliyetenda. Sogea hatua moja: nyumba 40 zilibomoka. Hapa swali limekufa. Kiswahili hakikubali useme "zilibomoka na askari". Sarufi yenyewe inamfukuza mtenda. Nyumba zimejibomokea. Hatua ya mwisho ni kuliua hata tendo: zoezi la uboreshaji wa makazi limekamilika. Hakuna nyumba, hakuna 40, hakuna askari, na kilichobaki ni jambo la heri.

Hakuna neno lililofutwa katika hatua zote hizo. Kila sentensi ni Kiswahili safi. Mwandishi akitaka kuonyesha gazeti la dola linavyoharibika, aanze sura ya kwanza na sentensi ya pili, katikati ya kitabu aandike "zilibomoka", na ile ya mwisho aiweke kinywani mwa mhusika mwema anayezungumza na mtoto wake. Msomaji atahisi baridi bila kuambiwa.

Ngeli zetu zinaweza kutisha zaidi. Kiswahili humpa kiumbe hai upatanisho wa a- na wa- hata jina lake likianza kwa ki-: kipofu amefika, kijana ameondoka, kiongozi amesema. Fikiria dola linalotoa agizo moja tu: waliofungwa na watoto wao wapatanishwe kama vitu. Mfungwa kimefika. Vitatu vimelala njaa. Hakuna kamusi iliyoguswa, hakuna kitabu kilichochomwa. Miezi ya kwanza watu wataona aibu kusema hivyo. Baada ya miaka michache mtoto wa shule atasahihishwa na mwalimu akisema "amefika", naye atajifunza upatanisho huo pamoja na mingine yote, bila kujua kwamba amefundishwa nani si mtu. Na kuna faida ya ziada kwa polisi: upatanisho hutoka mdomoni kabla mtu hajafikiri. Anayemhurumia mfungwa atateleza siku moja aseme "ame-", na kiambishi hicho kitamfunga. Katika 1984 Parsons, mtiifu kuliko wote, anasalitiwa na maneno aliyoyasema usingizini, na aliyemripoti ni binti yake wa miaka saba. Sarufi ingemnasa akiwa macho.

Kisha kuna kumbukumbu, ambayo bila hiyo hoja haina pa kuegemea. Kitabu cha Orwell ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Shamba la Wanyama, kilichotoka 1945, kinaonyesha jambo hili kwa ufundi wa hali ya juu. Amri za ukutani hazifutwi. Zinaongezewa mkia. Mnyama asilale kitandani, kisha: chenye shuka. Mnyama asinywe pombe, kisha: kupita kiasi. Mnyama asimuue mnyama mwenzake, kisha: bila sababu. Clover, farasi jike, anakumbuka kwamba amri haikuwa hivyo, lakini hajui kusoma vizuri, na mbuzi Muriel akimsomea ukutani, ukuta unasema vinginevyo. Ushahidi pekee ni ule ule uliochezewa. Ona pia lililoongezwa kwenye amri ya mauaji: neno "sababu" limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa, na hakuna mnyama mwenye haki ya kuuliza ni sababu gani. Chakula kikipunguzwa, Squealer, nguruwe msemaji wa watawala, hasemi kimepunguzwa, anasema kimerekebishwa.

Marudio na salamu

Huxley, 1932, alikwenda njia nyingine. Watoto husomewa misemo wakiwa usingizini: marudio 100, usiku 3 kwa wiki, kwa miaka 4. Mhusika wake anapiga hesabu: marudio 62,400 yanatengeneza ukweli mmoja. Msomaji akizidisha kwa wiki 52 atapata idadi hiyo hiyo. Kilicho muhimu zaidi ni jaribio lililoshindwa. Mtoto alisomewa usingizini kwamba Nile ni mto mrefu kuliko yote Afrika. Asubuhi aliweza kukariri sentensi nzima. Alipoulizwa ni mto upi mrefu zaidi Afrika, akajibu hajui. Wakubwa wakahitimisha kwamba njia hiyo haifai kufundishia elimu, ila inafaa kabisa kwa maadili, kwa sababu maadili wanayoyataka hayahitaji kueleweka.

Sehemu hii ingefaa kusomwa na kila anayeandika kaulimbiu za dola la kubuni. Kaulimbiu nzuri ya kiimla ni ile isiyoweza kugeuzwa kuwa swali. Ina mizani, ina vina, inaingia masikioni kwa urahisi, na ukijaribu kuuliza "kwa nini?" unaonekana umeharibu wimbo. Huxley pia anaelewa aibu: katika dola lake neno "mama" halikukatazwa, limefanywa tusi. Vijana wanacheka na kuona haya likitajwa. Katazo huleta ukaidi. Aibu hufanya mtu ajizuie mwenyewe.

Gilead inatumia salamu. Mmoja anasema, "Tunda na libarikiwe", mwenzake anajibu, "Bwana na afungue." Jibu limepangwa, kwa hiyo mazungumzo yamefungwa kabla hayajaanza. Wanawake wanaosalimiana hivyo hutembea wawili wawili, kila mmoja mlinzi wa mwenzake, hawaruhusiwi kusoma, na maduka yana picha tu badala ya majina. Biblia inafungiwa sandukuni. Bwana wa nyumba ndiye anayesoma. Atwood hakuhitaji kamusi nzima. Jozi chache za salamu, majina yanayomtaja mwanamke kama mali ya mwanamume, na maneno machache yaliyobandikwa kwenye sherehe za mauaji yalimtosha. Kwa maoni yangu maneno mapya 6 hadi 8 yanatosha riwaya nzima. Zaidi ya hapo msomaji anakuwa mwanafunzi wa istilahi, na hofu inampotea.

Historia ya kweli inaunga mkono uchache huo. Victor Klemperer, profesa wa lugha zilizotokana na Kilatini huko Dresden, Myahudi aliyenusurika kwa sababu mkewe Eva hakuwa Myahudi, aliandika shajara kwa siri miaka yote 12 ya utawala wa Hitler. Kitabu chake kuhusu lugha ya utawala huo kilitoka 1947. Aliona kwamba Wanazi hawakubuni maneno mengi. Waliyachukua yaliyokuwepo, wakabadili thamani yake na kuyarudia bila kuchoka. Neno la kumtaja mtu mwenye ushupavu wa upofu, ambalo lilikuwa lawama, likawa sifa ya askari na mfanyakazi hodari. Klemperer alilinganisha maneno na dozi ndogo sana za aseniki: humezwa bila kutambuliwa, huonekana hazina athari, na baada ya muda sumu inafanya kazi. Jambo lililomuumiza zaidi ni kwamba waliouchukia utawala huo, hata Wayahudi waliokuwa wakiteswa nao, walijikuta wakizungumza kwa maneno yake. Riwaya inayowapa wapinzani wote lugha safi na wafuasi wote lugha chafu imekosa ukweli huu.

Kosa jingine linalorudi mara kwa mara ni kumfanya mtesaji aieleze lugha yake kwa ufasaha. Anayeweza kueleza lugha ya dola kwa undani tayari yuko nje yake, na dola makini litamwona kama lilivyomwona Syme. Na ofisi iko wapi? Lugha inayopunguzwa inahitaji watu wa kuikagua, ratiba ya matoleo ya kamusi, namna ya kukusanya matoleo ya zamani, adhabu ya anayekutwa na kamusi ya mwaka juzi. Riwaya nyingi huacha kazi hizo, kisha lugha inaonekana imeshuka kutoka mbinguni.

Shaaban Robert, miaka miwili tu baada ya Orwell kuchapisha 1984, alitoa Kusadikika. Nchi yake iko angani, na mshitakiwa Karama yuko mbele ya mfalme kwa kosa la kufundisha elimu ya uanasheria. Waziri Majivuno anataka afe. Lakini Karama anapewa nafasi ya kujitetea, na kwa siku kadhaa anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa, wakafungwa. Hana uchawi wala jeshi. Anafuatanisha kisa na kisa, adhabu na kosa lisilokuwepo, mpaka baraza linalazimika kulinganisha. Mwishowe mfalme anamwachia pamoja na wajumbe waliofungwa. Kusadikika ina dhuluma zote za dola la distopia ila moja: haijamnyima mshitakiwa muda wa kufika kwenye "kwa hiyo". Majivuno angekuwa na akili ya Syme, angeanzia hapo.

Chama cha Oceania kilianzia hapo, na bado kilipata shida. Newspeak haikutarajiwa kuchukua nafasi yote mpaka 2050, na Orwell anataja sababu: tafsiri. Shakespeare, Milton, Swift, Byron na Dickens walikuwa wakihamishiwa Newspeak ili maandishi ya asili yaharibiwe baadaye, na kazi hiyo ilikuwa ngumu na ya polepole, pamoja na vitabu vya ufundi ambavyo navyo vilipaswa kupitiwa. Kwa washairi ilikuwa suala la muda. Kifungu ambacho kilishindikana kabisa ni kile cha Tangazo la Uhuru wa Marekani la 1776, kinachosema binadamu wana haki wasizoweza kunyang'anywa, kwamba serikali huundwa ili kuzilinda, kwamba mamlaka yake hutoka kwa ridhaa ya wanaotawaliwa, na kwamba ikizivunja wananchi wana haki ya kuibadili au kuiondoa. Kila kipande kinashikilia kinachofuata. Mtafsiri alikuwa na njia mbili tu: kukimeza kifungu chote ndani ya neno moja la fikra ya jinai, au kukiandika upya kiwe sifa za mtawala asiyepingwa.